Ruta ya msikiti: Tulinunua kabla ya kuuliza

Usiku mmoja wa masika, muda mfupi baada ya swala ya Isha, umeme ulikatika hapa Mazinde, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa kishindo. Taa ya mihrabuni ilimeta kama radi, halafu ikatulia. Asubuhi yake, Maalim wa madrasa alipofungua chumba cha ofisi alikuta ruta ya msikiti imekuwa giza. Hapakuwa na taa hata moja iliyowaka juu yake.

Huenda msomaji wa mjini akaliona jambo hili dogo. Kwetu halikuwa dogo. Kwa kifaa kile wanafunzi wa madrasa husikiliza visomo vya maqari, na walimu hufuatilia darsa za masheikh walio mbali. Kwa kifaa hicho hicho, bibi mmoja jirani wa msikiti huja kila Ijumaa, huketi baraza ya wanawake na mjukuu wake, akamwona mwanawe anayefanya kazi Maskat. Ijumaa iliyofuata bibi yule alikuja, akakaa, akasubiri, akaondoka bila kuiona sura ya mwanawe. Hakulalamika. Ukimya wake ndio uliotutia haraka, na haraka ile ndiyo iliyotukosesha.

Tunaandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba familia nyingi za Kiislamu sasa zina ruta nyumbani, na siku moja zitalazimika kuibadilisha. Ya pili ni kwamba sisi wa kamati tulikosea katika kubadilisha, na kosa lililofanywa kwa fedha za waumini halifai kufichwa.

Agizo la waumini

Baada ya Alasiri tuliitisha kikao. Waumini walituagiza mambo matatu, nasi tukayaandika katika daftari: tununue ruta ya 4G, iwe inakubali laini ya mtandao wowote, na bei isizidi shilingi 130,000, ambazo tayari zilikuwa zimechangwa. Miongoni mwa waliochanga alikuwamo mama muuza maandazi aliyetoa shilingi 2,000 zikiwa zimekunjwa katika pembe ya khanga.

Kabla hatujaenda dukani, kijana wa hapa hapa anayeishi Marekani, aliyekuwa amekuja kuwasalimu wazazi wake, alituletea zawadi. Ilikuwa modemu nyeusi, nzito, ya kampuni yenye jina kubwa, aliyoacha kuitumia alipohama nyumba huko. Tulimshukuru na kumwombea dua. Nyuma ya modemu palikuwa na tundu la kukaza kwa skrubu, sawasawa na lile la waya wa dishi la king'amuzi. Mmoja wetu akauleta waya wa dishi, ukaingia barabara. Modemu ikawaka. Tukapiga takbira.

Taa moja ilipepesa, ikaendelea kupepesa hadi Magharibi, na hadi asubuhi ilikuwa bado inapepesa.

Baadaye ndipo tulipofahamu sababu. Kile kilikuwa modemu ya kebo. Nchini Marekani makampuni ya televisheni yalitandaza waya wa shaba hadi majumbani miaka mingi iliyopita ili kupeleka picha. Baadaye waya huo huo ukatumika kupeleka intaneti. Ili vifaa vya viwanda mbalimbali vielewane na waya huo, uliwekwa utaratibu mmoja uitwao DOCSIS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997, toleo la 3.0 mwaka 2006 na la 3.1 mwaka 2013. Hata huko mtu hanunui modemu kwa kupenda umbo lake. Hutazama kwanza orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na kampuni inayomhudumia, kisha kampuni hiyo huiandikisha namba ya kifaa chake. Bila waya wa kampuni na bila kuandikishwa, modemu ile haina wa kuzungumza naye. Dishi letu huleta mawimbi ya televisheni kutoka kwenye setilaiti, na modemu ilikuwa inapepesa kwa kumtafuta mtu asiyekuwapo.

Watu wa Mazinde wanaweza kulielewa hili kwa reli yao. Njia ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, ndiyo hii inayopita kwetu, ina upana wa mita moja. Treni mpya za SGR, zinazotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, hupita juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435. Behewa la SGR ni zuri, lina viti vyema na mwendo wa kasi. Lakini ukiliburuta hadi Mazinde, haliwezi kusogea hata hatua moja. Kosa halitakuwa la behewa wala la reli. Litakuwa la aliyelileta bila kupima.

Hapa kwetu intaneti humfikia mtu nyumbani kwa njia kuu chache: kwa mnara wa simu kupitia laini, kwa waya mwembamba wa kioo unaoitwa mkongo, kule ulikofika, na kwa waya wa simu ya mezani katika baadhi ya miji. Kila njia ina kifaa chake. Ruta ya laini haipokei mkongo, na kifaa cha mkongo hakina mahali pa kutia laini. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe: intaneti yangu inaingia nyumbani kwa njia gani?

Neno moja lililotupoteza

Modemu ya zawadi iliposhindikana, watatu wetu tulifunga safari kwenda mjini. Dukani tulionyeshwa ruta tatu. Mbili zilikuwa ndani ya bei tuliyoagizwa. Ya tatu, iliyokwisha kutumika ng'ambo lakini ikionekana mpya, ilikuwa na antena nne na maandishi makubwa ubavuni: 5G. Bei yake shilingi 195,000. Tulimwuliza muuzaji kama inakubali laini zote, akasema zote. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Waumini wangekuwapo hapa wangeichagua hii." Tukachukua shilingi 65,000 kutoka katika kisanduku cha matumizi ya ofisi, tukajaziliza, tukanunua.

Laini iliingia, lakini ndani ya ofisi mtandao haukupatikana. Dirishani ulipatikana kwa kusitasita, na sauti ya qari ilikatika katikati ya aya, jambo lililowachukiza watoto kuliko kimya chenyewe. Tuliirudisha dukani. Muuzaji akatuonyesha maneno yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ndipo tulipomwendea kijana fundi wa simu anayefanya kazi Mombo. Tulipaswa kumwendea siku ya kwanza. Alitupokea kwa adabu: "Shikamooni, masheikh wangu." Akaisoma karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, akafungua maelezo yake katika simu, kisha akatueleza mambo mawili.

La kwanza, zile herufi 5G hazikuwa na maana tuliyodhani. Zilihusu mawimbi ya gigahezi 5 ambayo ruta huyarusha ndani ya nyumba kwenda kwenye simu. Hazikuhusu kizazi cha tano cha mtandao, ambacho kilianza kuwashwa nchini mwaka 2022 kwa kuanzia mijini. Tena mawimbi hayo ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hayafiki mbali na huchoka yakikuta ukuta. Yale ya gigahezi 2.4 ni ya polepole kidogo lakini hupenya kuta na kufika hadi uani.

La pili, ruta ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na haikuwa na masafa ya megahezi 800. Mitandao yetu hutumia masafa mbalimbali kwa 4G, yakiwamo ya 800 na ya 1800. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi na kupenya majengo vizuri zaidi, na kwa kijiji kilicho chini ya milima ya Usambara, mbali na mnara, hayo ndiyo yanayotegemewa. Muuzaji alisema kweli kwamba laini zote zinaingia. Hatukumwuliza kama masafa yote yanaingia.

Halafu kijana akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Ile ya zamani mnayo?" Tulikuwa nayo mfukoni mwa kanzu, tukidhani atanunua vipuri vyake. Akatazama maandishi yake: volti 12, ampia 1. Akachukua adapta nyingine yenye namba hizo hizo, akaichomeka. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, na baada ya dakika mbili ruta ya msikiti ikawa hewani.

Kilichoungua usiku ule ni adapta peke yake. Tuliinunua mpya kwa shilingi 12,000.

Hesabu mbele ya waumini

Tuliporejea hatukuzungumza njiani. Kila mmoja alijua kwamba fedha za watu, shilingi 195,000, zilikuwa zimelala ndani ya kifaa kisichofaa, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa wa shilingi 12,000. Tulimwendea imamu wetu tukamweleza yote bila kupunguza.

Hakutukaripia. Alitukumbusha tuliyosoma chuoni tukayasahau dukani. Mtu anayetumwa kununua ni wakili, na wakili ni mwaminifu: akinunua kama alivyoagizwa, kisha kitu kikaharibika bila uzembe wake, halipi. Lakini akivuka mpaka wa agizo, ununuzi ule unakuwa wake mwenyewe na fedha za watu zinabaki katika dhima yake. Sisi tuliagizwa shilingi 130,000 tukatoa 195,000. Nia yetu ilikuwa njema, lakini nia njema haiongezi mipaka ya wakala.

Hukumu ilikuwa wazi. Ruta ile ni yetu sisi watatu, na fedha zote zirudi. Tulimtafuta mnunuzi anayeishi jirani na mnara, mahali ambapo masafa ya juu hufika vizuri. Tukambainishia kasoro yote kabla ya bei, tena mbele ya fundi. Akaijaribu nyumbani kwake, akaridhika, akalipa shilingi 90,000. Zilizobaki, shilingi 105,000, tulizilipa sisi watatu, kila mmoja shilingi 35,000. Kwa mwenye familia katika msimu wa kupalilia, hiyo si fedha ya kuichezea, na wake zetu walituuliza maswali yenye haki.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisimama tukasoma hesabu yote kutoka daftarini: tulichoagizwa, tulichofanya, tulichokosea, tulichorudisha. Msikiti ulikuwa kimya. Kisha kutoka upande wa wanawake ikasikika sauti ya mama muuza maandazi: "Ustadh, na hiyo adapta ya elfu kumi na mbili, risiti mnayo?"

"Tunayo, mama," tulijibu, tukampelekea aisome.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mama yule alitufahamisha kwamba hata penye daftari, mwenye mali ana haki ya kuuliza.

Kabla hujabadilisha

Kutokana na hayo, tunaweka mbele ya familia nasaha chache.

Kwanza, hakikisha kilichokufa. Taa zikizimika zote, jaribu adapta nyingine kabla ya kuihukumu ruta. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta. Ampia ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Na kichwa cha waya kiwe cha aina ile ile. Taa zikiwaka lakini mtandao haupo, angalia salio la kifurushi, kisha itoe laini uitie katika simu. Ikikataa na huko, ruta haina kosa.

Pili, kabla ya kununua, pima mtandao pale pale kifaa kitakapokaa. Jaribu laini za mitandao miwili au mitatu kwa simu, mchana na usiku, maana mnara huelemewa jioni watu warudipo nyumbani. Ruta nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi katika ukurasa wake wa ndani kwa namba yenye alama ya kutoa: ikikaribia 80 ni nzuri, ikifika 110 ni dhaifu. Mara nyingi kuihamisha kutoka kabatini hadi dirisha linaloelekea mnara hufaa kuliko kununua mpya.

Tatu, andika mahitaji kwenye karatasi kabla ya kufika dukani. Ruta ya kawaida ya 4G inaweza kufikia hadi megabiti 150 kwa sekunde. Video yenye picha nzuri hutaka takriban 5 tu. Familia ya watu sita haihitaji kifaa cha hoteli. Inahitaji kifaa chenye masafa ya hapa kwetu, kisichofungwa kwa mtandao mmoja, na chenye tundu la antena ya nje kama mko mbali na mnara.

Nne, jihadhari na vifaa vinavyotoka ng'ambo. Umeme wetu ni wa volti 230. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 ni salama. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua mara utakapoichomeka. Jamaa aliye Maskat, London au Marekani akitaka kukuletea zawadi, mtumie kwanza picha ya karatasi iliyo chini ya ruta yako. Hilo si kukosa adabu. Ni kumwondolea mzigo wa kubeba kisichofaa.

Tano, kagua uhalali wa kifaa. Tunakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia. Ruta ya laini nayo ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iliyoandikwa chini yake. Itume kwa ujumbe kwenda 15090, kisha linganisha jibu na jina lililo kwenye kifaa.

Sita, weka sharti la kurudisha. Sheria yetu tukufu imempa mnunuzi hiyari. Kuna hiyari ya aibu, inayomruhusu kurudisha akigundua kasoro iliyokuwapo tangu awali, na kuna hiyari ya sharti, ambayo kwa madhehebu ya Shafii haizidi siku tatu. Siku tatu zinatosha kuijaribu ruta nyumbani. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa, na akikubali aandike kwenye risiti. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, tuandike madeni, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Mwenye kuizoea adabu hiyo hataona taabu kuandika mstari mmoja dukani. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.

Mlango wa nyumba

Jambo la mwisho linawahusu wazazi. Ruta mpya huja na nenosiri la kiwandani ambalo kila fundi analijua. Libadilishe siku hiyo hiyo, la mtandao na la ukurasa wa ndani. Ukiwa ndani ya ukurasa huo, unaweza kuweka anwani za 1.1.1.3 na 1.0.0.3, za kampuni ya Cloudflare, ambazo hazilipiwi na huzuia tovuti nyingi za uchafu kwa vifaa vyote vinavyopitia ruta ile. Sisi tumeziweka msikitini.

Lakini tusijidanganye. Kijana mwenye kifurushi chake mwenyewe hupita pembeni ya kizuizi hicho, na hakuna ruta inayoweza kushika nafasi ya mama anayeuliza au baba anayeketi na wanawe. Iweke ruta sebuleni. Kubalianeni saa ya kuizima, na mzazi awe wa kwanza kuitii. Na jirani akiomba nenosiri mpe kwa wema, ila ujue nani anatumia, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa jina lako.

Ruta ya zamani inaendelea na kazi. Fedha za waumini zilizobaki zimo katika kisanduku, zimeandikwa, zikisubiri siku itakapochoka kwa haki. Adapta ya pili tumeinunua kwa fedha zetu, iko kabatini, na kila wingu zito likitanda juu ya milima, Maalim huchomoa waya ukutani kabla hajaenda kulala.

Na Ijumaa hii bibi alikuja tena. Mwanawe alimwuliza kwa nini wiki zile hakumwona. Bibi akajibu kwamba masheikh walikuwa safarini wakitafuta mtandao, nao wakaukuta nyumbani.